Mumun Aliyekataa Kuitika

Baba yangu aliishi miaka mitano bila kuitika. Hakuwa kiziwi. Alisikia kondoo akikohoa ng'ambo ya bonde, na mvua aliisikia kabla haijafika. Lakini ukimwita, kwa jina lolote lile, hakugeuka.

Ilianza ile Januari ya theluji nyingi, mwaka wa themanini na tano, wanajeshi walipokizingira kijiji chetu na kutupanga foleni mbele ya ofisi ya halmashauri. Sisi ni Waturuki wa milima ya kusini mwa Bulgaria. Tumezaliwa huko, na mababu zetu wamezikwa huko. Siku ile tuliambiwa kwamba hatujawahi kuwa Waturuki, na kila mtu akapewa jina la Kibulgaria. Mimi, Gulfer, niliingia mle ofisini nikatoka nikiwa Galina. Mama yangu, Nefise, akawa Anka. Baba alikataa kuchagua, basi karani akamchagulia, na Mumun Halil akawa Asen Marinov. Alipoambiwa atie sahihi aliingiza mikono mifukoni. Walimpeleka mjini, wakakaa naye wanavyojua wenyewe, na alirudi akiwa na pengo mbele ya kinywa, mikono bado i mifukoni. Karatasi waliijaza wao.

Tangu hapo ukisema Asen, haitiki, na sote tulielewa kwa nini. Lakini hata sisi nyumbani tulipomwita Mumun, kwa sauti ya chini kama ilivyotubidi siku zile, hakuitika pia. Mama alimuuliza sababu.

"Nikiitika humu ndani tu," Baba alisema, "nitakuwa nimekubali kwamba jina langu ni kitu cha kufichwa uvunguni."

Mama akajifunza kumgusa bega, au kugonga sufuria kwa kijiko chakula kikiwa tayari. Jirani yetu Sebahtin, rafiki yake tangu utotoni, alikuwa akirusha kokoto kwenye uzio wetu. "Wewe usiye na jina," angesema, "toka nje tuvute sigara."

Mama alifariki miaka miwili baadaye. Katika vitabu vya serikali aliyefariki ni Anka. Juu ya kaburi tuliweka jiwe tupu, kwa sababu Baba alisema heri jiwe linyamaze kuliko liseme uongo. Kisha kikaja kiangazi kile ambacho watu wetu kwa maelfu walivuka mpaka kwenda Uturuki, magodoro juu ya magari, bibi wazee wakiwa wamekaa juu ya magodoro. Kaka yangu Ismet aliondoka nao, akatua Bursa. Baba hakwenda. Pasipoti ilitolewa kwa jina lile jipya, na ilitaka sahihi. Mimi nikabaki naye. Asubuhi nilikwenda kiwanda cha kushona, na jioni tulikuwa wote shambani kwenye tumbaku.

Basi serikali ile ikaanguka, na majira ya kuchipua yaliyofuata redio ikatangaza sheria mpya: anayetaka jina lake la awali akaombe mahakamani. Nakumbuka nilikuwa nakanda unga. Nilisimama nikiwa na mikono myeupe mpaka viwiko, sijui nicheke au niketi chini.

Kesho yake nilirudi kutoka mjini na karatasi mbili za maombi, yangu na ya Baba. Aliisoma yake kwa muda mrefu.

"Jina langu lilichukuliwa na nani?" aliuliza.

"Na serikali, Baba."

"Basi irudishe. Mtu akikuibia kondoo, wewe ndiwe wa kumwandikia barua ya kumwomba?"

"Ndivyo sheria inavyosema."

"Na hapa chini wanataka nini?"

"Sahihi ya mwombaji."

"Mwombaji ndiye nani?"

Nilijua anakonipeleka, lakini sikuwa na njia ya kukwepa. "Asen Marinov," nikasema.

"Basi mtafute huyo bwana atie sahihi."

Akanirudishia karatasi, akaenda kutazama miche yake ya tumbaku.

Nilimwendea Sebahtin. Alikuja jioni ileile, akaketi kwenye benchi letu, akamega mkate akauchovya kwenye mtindi bila kukaribishwa, kama kawaida yake.

"Mimi nimesaini leo," alisema. "Nimekuwa Stefan kwa mara ya mwisho, tena kwa mwandiko mbaya makusudi. Huyo Stefan hakuwahi kwenda shule."

Baba alitabasamu kidogo.

"Mwanao yuko Bursa," Sebahtin akaendelea. "Ana mtoto ambaye hujamwona. Wewe umekaa hapa unagombana na mstari mmoja chini ya karatasi."

"Mstari huo nilipigwa kwa ajili yake. Nikiuandika leo, walinipigia nini?"

Sebahtin akamega kipande kingine. Alitafuna mkate wake mpaka ukaisha. "Kondoo wangu hawasaini," alisema mwishowe. "Nawapaka rangi mgongoni, na kijiji kizima kinajua ni wa nani."

Nilidhani ni porojo zake tu. Lakini asubuhi Baba alikuja jikoni, akaninyooshea kidole gumba, kinene, cheusi kwa utomvu wa tumbaku.

"Hiki hawakukibadilisha jina," alisema. "Twende. Ila kuna sharti moja. Iandikwe kwamba mimi ni mume wa marehemu Nefise."

Mjini, kwenye ukumbi wa nje wa mahakama, kijana mmoja Mbulgaria, wakili aitwaye Vasil, alikuwa ameweka meza akiwaandikia watu maombi. Nilimweleza kwamba Baba ataweka alama ya kidole.

"Mzee hajui kuandika?"

"Anajua."

"Sasa kwa nini kidole?"

Baba akamjibu mwenyewe. "Jina mnalotaka niandike, mwanangu, sijui hata linaanza na herufi gani."

Vasil alicheka. Halafu alimtazama usoni, akaona lile pengo, na kicheko kikamkauka. Akavuta kibweta cha wino. Tulipofika kwenye habari za Mama alikuna kichwa. "Kwenye kumbukumbu ni Anka."

"Mimi sikuoa Anka."

"Hakimu anaweza kuirudisha karatasi hii."

"Airudishe."

Vasil akaandika Nefise.

Siku ya kesi yetu ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wanawake walivaa vitambaa vya kichwani walivyovificha makabatini miaka yote ile, na mikunjo yake ilikuwa bado imejichora. Hakimu alikuwa mama wa makamo, Mbulgaria, mwenye sauti iliyokwaruzika kwa sababu alikuwa akisoma tangu juma lililopita. Utaratibu ulikuwa rahisi. Angeita jina la Kibulgaria, mtu angesimama na kusema anataka nini, naye angesoma uamuzi akimtaja kwa jina lake la zamani. Basi. Dakika chache, halafu mwingine.

Wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa kijiji cha juu. Aliingia akiwa Maria. Hakimu akasoma, "Shaziye Ahmed Yusuf." Bibi yule aliziba mdomo kwa kiganja, na nyuma yetu mtu akasema "Mashallah" kwa sauti ya kawaida kabisa, humo ndani ya nyumba ya serikali. Hakuna aliyemkamata. Kisha ukumbi ukatulia. Nimekwisha kusikia radi ikizunguka milima yetu kutwa nzima, na nimekuwepo kwenye sala ya Idi uwanja mzima ukiinama pamoja, lakini kitu kama ule utulivu baina ya jina na jina sijakutana nacho tena. Watu walikuwa wakizaliwa mbele ya macho yetu, watu wazima, wenye mvi, wenye magongo. Wanasimama Ivan, wanaketi Ramadan. Yule hakimu aliyatamka majina yetu vibaya, akajikwaa, akarudia, nasi tulimwinamia kana kwamba anatusomea kitu kilichoshuka kutoka juu.

Langu lilipotajwa, Gulfer Mumun Halil, nililirudia kimoyomoyo. Nilikuwa nimesahau lina urefu gani.

Kisha hakimu akaita, "Asen Marinov."

Baba alikuwa amesimama kando yangu, kofia mkononi. Hakusogea.

"Asen Marinov," akaita tena.

Karani akainua kichwa. "Hayupo. Tuiahirishe?"

Nilitaka kuinua mkono niseme yupo, huyu hapa, lakini Baba alikuwa amenishika kifundo cha mkono, kwa upole, kama unavyomzuia mtoto barabarani. Niliwaza, basi, yameisha, tumefika mlangoni na mzee wangu amekataa kuingia.

Hakimu alivua miwani. "Mzee, wewe uliyesimama pale. Unaitwa nani?"

Baba akatembea mpaka mbele.

"Mimi ni Mumun," alisema, "mwana wa Halil, aliyechimba kisima cha kijiji chetu. Halil mwana wa Raif, ambaye hakurudi kutoka vitani. Raif mwana wa Salif, mchunga kondoo. Salif mwana wa Yumer, ambaye simjui ila kwa jina. Mume wa Nefise."

Hakuinua sauti. Lakini nilisikia benchi likilia nyuma yangu, nikageuka. Sebahtin alikuwa amesimama. Kisha mzee wa pembeni yake, kisha safu nzima ya wazee, mmoja mmoja, wakishika kofia vifuani, kama wanavyosimama jeneza linapopita. Ila safari hii aliyekuwa akipita alikuwa hai.

"Nimekuita kwa jina ambalo sheria inaniamuru kuliita," hakimu alisema.

"Najua, mama. Sikulaumu."

"Asen Marinov yupo humu ndani?"

"Hajawahi kuwepo."

Hakimu alivaa tena miwani. Aliutazama ule wino wa kidole, akautazama na mkono wa Baba. Sijui aliona nini. Pengine naye alikuwa na baba. Akamgeukia karani. "Andika kwamba mwombaji amefika, na mahakama imemtambua."

Kisha akaichukua karatasi. "Kumbukumbu za marehemu hazimo katika shauri hili," alimwambia Baba, "na leo sina uwezo wa kuzigusa. Lakini maneno yaliyoandikwa hapa nitayasoma yote." Akasoma polepole. Alipofika kwenye "mume wa marehemu Nefise," ukumbi mzima ukajibu kwa pamoja, "Mungu amrehemu," na karani kijana, ambaye hakujua tumesema nini, aliacha kuandika, akatulia mpaka sauti ilipokwisha.

Hakimu akanyoosha mkono wenye nakala ya uamuzi. "Mumun Halil," akaita.

"Naam," Baba akaitika.

Ilikuwa sauti nyingine. Ilikuwa ile ya utotoni mwangu, Mama akimwita kutoka uani naye yuko juu ya paa akipanga vigae. Sikujua kwamba mtu anaweza kubaki na sauti ya namna hiyo ndani yake miaka mitano na isichakae. Sebahtin nyuma yangu alikuwa akipenga kamasi kwa nguvu, akijisingizia mafua.

Baada ya hapo zilibaki ofisi. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, hospitali, ushirika wa wakulima, umeme, kila mahali palikuwa na Asen wa kuondolewa. Ningeweza kumfanyia shughuli hizo, lakini alikataa. Alivaa koti lake la sherehe, akaketi kwenye foleni kila mahali. Siku moja, kwenye ofisi ya vitambulisho, dada wa dirishani alimwita Mumun Halil mara mbili naye ametulia tu kwenye kiti. Nikashtuka, nikadhani yameanza upya.

"Baba, wanakuita. Hujasikia?"

"Nimesikia," alisema. "Bado nasikiliza."

Na hakuwa peke yake. Majira yale kijiji chote kilishikwa na ugonjwa huo. Tukiwa shambani tunapanda tumbaku, mtu angeita kutoka shamba la juu, "Mumun, eee Mumun." Baba angenyoosha mgongo, "Naam?" Na yule angejibu, "Hapana kitu." "Haya," angesema Baba, akainama tena. Kisha bonde lingeanza, Remzi huku, Fatme kule, Shukri ng'ambo ya mto, bila haja yoyote, mpaka mbwa wakabweka. Mimi nilisimama na miche mkononi, nikisikiliza milima ikiyarudisha majina yale yote, wala haikukosea hata moja.

Jiwe la Mama lilichongwa kabla ya mavuno. Kwa vitabu vya serikali, karani wa vizazi na vifo alituambia tusubiri, marehemu hawajapangiwa utaratibu. Baba alisema atasubiri, kusubiri anakujua.

Vuli tulipanda basi kwenda Bursa. Mpakani ofisa wa Kituruki alifungua pasipoti mpya ya Baba, akaanza kujaza fomu yake.

"Mumin Halil," alisema huku akiandika.

"Mumun," Baba akasema.

"Huku kwetu tunasema Mumin, mzee. Ni jina lilelile."

"Silo."

Watu nyuma yetu walikuwa wamechoka, watoto wanalia, na dereva anapiga honi. Ofisa alimtazama Baba, kisha akanitazama mimi, labda akitarajia nimsaidie. Nilitazama dari. Akashusha pumzi, akachana ile fomu, akachukua nyingine, na Baba akamtajia herufi moja moja.