Uwanja Uliotazama Jua

Nilikuwa nimepiga magoti nikigongomea kigingi cha mahali pa mrushaji, nikiupimia mji uwanja mpya wa besiboli, wakati Langdon alipomwita meya asimame mahali pa mpigaji.

"Simama hapo hapo, Meya. Shika gongo la kupigia. Nitazame mimi."

Meya Terry Kuzma alicheka, akavua koti na kulitundika kwenye fito yangu ya kupimia. Ilikuwa mwisho wa Agosti na jua lilikuwa likishuka nyuma ya Langdon, juu ya mto, pale kilipokuwa kiwanda cha chuma kabla hakijafungwa. Langdon alikuwa mwenye timu. Haikuwa timu kubwa. Ilikuwa ya vijana wanaotafuta kupanda hadi ligi kubwa. Lakini katikati ya mji wetu wa Harlow Forge maduka mengi yalikuwa yamepigiliwa mbao madirishani, na meya alikuwa amechaguliwa kwa ahadi ya kuleta besiboli pale.

"Unaniona?"

"Naona kivuli chako."

"Basi kazana."

Langdon aliurusha mpira taratibu, kwa mkono wa chini. Meya hakusogea. Ulimpiga kifuani, pembeni ya tai.

"Vipi, Meya? Umeota mizizi?"

"Sikuuona."

"Huo nimeurusha kama namchezesha mjukuu. Vijana wangu wakirusha, mpira unalia hewani. Ukimpata mtu usoni saa kama hii, mimi nitamzika, wewe utatoa hotuba."

Meya alijisugua kifua. Langdon alisema kweli. Viwanja vya mchezo huu hupangwa ili mpigaji aligeuzie mgongo jua la jioni. Chetu kilikuwa kimegeuzwa kinyume kwa sababu moja tu, nayo ilisimama upande wa mashariki, nyuma ya meya: nyumba ya Hlavaty, ya mwisho iliyobaki katika Mtaa wa Foundry. Majirani wote walikuwa wameuza na kuhama.

Emil Hlavaty alikuwa mgonjwa wa mapafu. Kiwanda ndicho kilichomla. Daktari alikuwa amesema asihamishwe, naye mwenyewe alitaka jambo moja tu, kufia kitandani pake. Baraza la mji lingeweza kuitwaa nyumba ile kisheria, ila meya alikataa. Katika majira ya kuchipua, jikoni mwao, alimwekea Emil mkono begani akasema, "Kocha, hakuna atakayekutoa humu ukiwa hai." Nilikuwepo, nimesimama mlangoni na ncha ya tepu ya kupimia. Emil ndiye aliyemfundisha kudaka mpira, zamani kiwanda kilipokuwa na timu yake ya watoto.

"Ugeuze," Langdon alisema. "Nyasi lazima ziwe zimeshika ardhi kabla ya baridi. Bila hivyo nakwenda ng'ambo ya mto. Wao wana kiwanja, na hakina nyumba ya mtu."

"Nilimpa mzee neno langu."

"Mzee mwenyewe ana muda gani?"

Langdon aliokota mpira wake, akaenda kwenye gari.

Bi Verna, mke wa Emil, alitoka na birika la kahawa. Alikuwa hivyo kila jioni: alituletea kahawa sisi tuliomzungushia vigingi.

"Terry, baba, nani kakupiga? Shati lina vumbi."

"Mpira, Bi Verna."

"Mdakaji mzima unadaka kwa kifua! Emil akisikia atakufa kabla ya siku zake." Alinimiminia na mimi. "Orrin, mwambie bosi wako anywe. Kila akija hapa macho yake yako dirishani kwa Emil kule juu. Anatazama kama taa bado inawaka."

"Si hivyo, mama," meya alisema.

"Sijasema ni vibaya. Hata mimi natazama."

Meya alirudisha kikombe bila kunywa. "Nataka kuzungumza na Kocha. Orrin, njoo na wewe. Akiuliza mambo ya vipimo umjibu."

Tulipanda. Chumba kilikuwa na joto, na mashine ya kupumulia ilikuwa ikivuta na kuachia. Kitanda kilikuwa kimesogezwa dirishani, na jua lilimwangukia Emil usoni moja kwa moja. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola.

"Kuzma," alisema. "Ni mpumbavu gani aliyepanga uwanja huu?"

"Ni sisi, Kocha."

"Mpigaji analikabili jua. Nalala hapa, naliona analoliona yeye." Alivuta hewa. "Mtaniulia watoto. Ugeuze."

"Kocha, tukiugeuza..."

Meya alinyamaza hapo. Bi Verna alikuwa mlangoni, taulo mkononi, akimngoja amalize. Mimi pia nilingoja. Mashine ilivuta, ikaachia. Tukiugeuza, mpigaji angehamia upande wa mtoni, na uwanja ungenyooka mashariki kupita bustani, kupita jiko, kupita chumba kile kile.

"Mkiugeuza, itakuwa sawa," Emil alimmalizia. "Kwani hilo nalo la kufikiri? Mmekuwa wazito siku hizi."

"Ndiyo, Kocha," meya alisema.

Nimeulizwa mara nyingi kama mzee alijua anachokiomba. Kuna siku alilijua jina langu na la marehemu baba yangu. Kuna siku alimwuliza mkewe kama king'ora cha zamu ya asubuhi kimeshalia. Siku ile macho yake yalikuwa makavu na makini. Zaidi ya hapo sijui.

Kwenye ngazi meya alisimama. "Amesema mwenyewe, Bi Verna. Umemsikia."

"Nimemsikia. Na wewe nimekusikia uliponyamaza."

"Mama, mji huu unakufa."

"Na juu kule nani anapona? Rudi, Terry. Mwambie yale uliyoyameza. Akisema ugeuze baada ya hapo, mimi mwenyewe nitafunga mizigo."

Meya aliushika ukuta wa ngazi kwa kiganja. Nilidhani atapanda, hata mguu aliuinua. Kisha akanipita, akatoka nje, akasimama kwenye magugu.

"Orrin," alisema bila kugeuka. "Geuza."

Niling'oa kigingi cha mpigaji nikakipeleka upande wa mtoni. Nilipanga chombo cha kupimia, nikavuta kamba kuelekea mashariki. Meya alinishikia ncha nyingine, kwa kuwa wenzangu walikuwa wamekwenda nyumbani. Kamba ilivuka magugu, ikavuka uzio mdogo, ikalala juu ya pilipili za Bi Verna. Kigingi cha pili kilitakiwa kusimama hapo, kati ya matuta mawili.

Bi Verna alikuwa ametangulia. Alikuwa ameifudikiza ndoo pale pale na kuikalia, mikono mapajani.

"Haya, Orrin, gonga," alisema. "Una nyundo. Kuna kinachokuzuia?"

Nilimtazama meya. Yeye alikuwa akitazama dirishani. Emil aligonga kioo kwa pete yake, mara kadhaa, bila nguvu. Sote watatu tulipoinua nyuso, alitoa mkono kwenye shuka akauzungusha hewani polepole. Geuzeni. Kisha akauacha mkono hapo hapo, akingoja jibu.

Meya aliinua wake. "Kesho, Kocha!" aliita, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa.

Bi Verna hakuinuka kwenye ndoo.

"Kesho asubuhi," meya aliniambia mimi, kwa sauti ya chini. Alichukua koti lake, akalikung'uta, hakulivaa.

Niliiacha kamba ilivyolala. Nikaweka nyundo garini, na kile kigingi ambacho sikukigonga nikakiweka juu yake, mahali ambapo ningekiona kwanza nitakapofungua mlango.