Nyavu Isiyoloa

"Usiniite dada! Dada yako ni huyo uliyempigia simu!"

Ursula alikuwa ameshika mwiko mkono mmoja, na mkono wa pili ameshikilia uzio wa mabati uliotenganisha ua wake na ua wa Faudhia, utadhani mabati yenyewe yanataka kutoroka.

"Simu gani tena, dada Ursula?"

"Nimesema usiniite!"

Faudhia aliinua uso. Alikuwa upande wake wa uzio, amekaa kwenye kigoda, kompyuta imewekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikaaga hapo kila siku, kwa sababu nyumba nzima mtandao ulishika kwenye kona hiyo tu, chini ya dirisha la jiko la Ursula. Macho yalikuwa mekundu. Jumanne umeme ulikatika kutwa nzima, usiku wake akakesha kufidia, na leo Jumatano saa tisa alasiri alikuwa hajala kitu zaidi ya chai ya rangi. Alichoka hadi akashindwa kukasirika.

"Basi nieleze kosa langu," alisema. "Nikilijua nitaomba radhi, nirudi kazini."

"Kazini!" Ursula aligeukia dirisha lake, maana ndani kulikuwa na watu waliokuja kumpa pole. "Mmemsikia? Anataka kurudi kazini! Haya, kazi yenyewe hii hapa." Akakaza sauti ya puani, akimwigiza Faudhia mpaka ule mkwaruzo wa koo. "'Nyavu yake nimeikagua, Dorah. Macho yake hayana jipya. Kesho naikataa, alie asilie.' Maneno yako hayo, Jumatatu jioni, mimi niko hapa naparua sato. Jumanne alfajiri watu wa doria ya uvuvi wakatua mwaloni kwa mdogo wangu Masatu, kule Bunda. Nyavu zote kiberiti! Na mumeo anauzia wapi makava ya simu? Bunda. Sasa nani hapa hajaelewa?"

"Tumeelewa!" sauti ya Petronila ilijibu kutoka ndani, na mabenchi yakasikika yakisogezwa ili watu wapate kusikia vizuri.

Faudhia alifumba macho. Kumbe ndiyo maana. Asubuhi bombani wanawake walikuwa wanacheka. Alipofika na ndoo yake wakaanza kuongelea hali ya hewa. Muuza maandazi alipita mlango wake kama vile nyumba imehamwa. Alikuwa amedhani ni uchovu wake mwenyewe unamwonesha mambo.

Kitu kimoja tu ndicho alichokiogopa katika mtaa ule, nacho ni kuitwa mchongezi. Mtaani Kitaji mtu anaweza kuitwa bahili, mlevi, hata mwizi wa kuku, na bado akaalikwa harusini. Mchongezi haalikwi. Na Faudhia hakuwa na mtu mwingine: mumewe Twalha alirudi mwisho wa wiki tu, mwanawe Hamduni alisoma bweni Butiama, na kwa miaka kumi na moja meza yake ya jioni ilikuwa kwa Ursula. Huyo huyo aliyembebea Hamduni siku alipozaliwa, akamwita mama Hamduni kabla mtoto hajapewa jina rasmi. Leo anamwita Faudhia, kavu.

"Dada Ursula, ile siyo nyavu ya kuvulia samaki."

"Kuna nyavu ya kuvulia nini tena, ndege?"

Ndani walicheka.

"Nakagua hataza. Mtu akibuni kitu huko nje, anaomba karatasi ya kusema kitu hiki ni chake, asiigwe. Kabla hajapewa, sisi tunatafuta kama kuna mwingine aliyewahi kukibuni. Huyu wa safari hii kabuni namna ya kuzibana nyavu za kompyuta ziwe nyepesi, kwa njia ya video."

"Nyavu za kompyuta," Ursula alirudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi na kukuta hauna chumvi. "Masatu yuko humu ndani, hajabakiwa hata na uzi wa nyavu. Ijumaa anaenda Buhemba kushuka mashimo ya dhahabu, mtu ambaye hata kisima anakiogopa. Wewe unaniletea nyavu za kompyuta."

Faudhia angeweza kuingia ndani kwake, afunge mlango. Ripoti ilikuwa tayari, kurasa kumi na moja, bado kubonyeza tu kabla ya saa kumi na mbili. Badala yake alinyanyuka, magoti yakalia, akavuta kipande cha nyavu kuukuu ambacho Ursula alikitundika uzioni kuzuia kuku wasile mchicha. Akachukua na boga lililokuwa kizingitini mwake, moja la yale yenye mifereji mirefu, akaliweka juu ya kigoda karibu na uzio.

"Angalia hapa. Halafu baada ya hapo unitukane vizuri."

Alilivisha boga nyavu.

"Kuna mtu anacheza ngoma. Kamera zinamzunguka pande zote. Kompyuta inataka kumweka ndani kama alivyo, umwone mbele, nyuma, ubavuni, kama vile unamzunguka mwenyewe. Haiwezi kumweka nyama na damu. Inamvisha nyavu, kama hivi. Umbo la nyavu ndilo umbo la mtu."

"Masikini mcheza ngoma," alisema Petronila, ambaye sasa alikuwa ametoa kichwa dirishani.

"Nyavu ya macho madogo sana inashika kila kitu, mpaka kunyanzi. Lakini ni nzito, simu haiibebi. Kwa hiyo wanamvisha ya macho makubwa kwanza. Haya, dada, haya mafundo yanagusa ngozi ya boga?"

Ursula hakutaka kujibu. Ila nyavu alizishona tangu utotoni huko Majita, na jicho lake lilishindwa kujizuia.

"Mengine yanaelea. Hapo kwenye mfereji fundo halijagusa."

"Nalisukuma kwa kidole mpaka liguse. Limesogea kiasi gani?"

"Nusu ya kidole."

"Hiyo nusu ya kidole ndiyo wanayoiandika. Wanaiita msogeo. Kila fundo na msogeo wake. Halafu misogeo yote wanaigeuza rangi kwenye picha, iliyozidi inang'aa, iliyopungua inafifia. Picha zikifuatana inakuwa video, na video kila simu inajua kuifungua. Simu inachukua nyavu nyepesi, inasoma rangi, inasukuma mafundo. Mcheza ngoma huyo hapo."

Petronila alijivuta zaidi dirishani aone vizuri. Hata kuku walikuwa wamekaa.

"Nyavu yenyewe hailoi?" Ursula aliuliza.

"Hailoi."

"Na macho unayoyasema..."

"Mimi na Dorah tunaitaga macho kwa utani. Ni pembetatu. Dorah yuko Dar, ndiye ninayefanya naye kazi. Msikilize." Faudhia alitafuta ujumbe wa sauti wa Jumatatu, akaufungua kwa sauti ya juu. Ua mzima ukamsikia yeye mwenyewe akisema: nyavu yake nimeikagua, macho yake hayana jipya. Halafu sauti ya Dorah ikacheka, ikisema mwombaji mwenyewe yuko ng'ambo huko na baridi yake, akikataliwa atajifunika blanketi.

Ursula alisikiliza mpaka mwisho. Akaushika tena uzio, sasa kwa vidole viwili tu.

"Hii haisemi kwamba siyo wewe."

"Najua."

"Mtu anaweza kuwa na nyavu mbili."

"Anaweza," alisema Faudhia. Alikuwa hana nguvu ya kuapa.

Labda ni kule kukosa kuapa ndiko kulikomlegeza Ursula, maana alipitisha mwiko juu ya uzio, akalisukuma boga taratibu. Boga likaviringika nusu mzunguko, nyavu ikaenda nalo.

"Sasa mcheza ngoma si anacheza? Hatulii. Hapa fundo limetoka huku, limefika huku. Huo nao ni msogeo?"

"Huo ni mwingine. Huo ni wa boga lenyewe kuhama, siyo wa fundo kufuata ngozi. Huo..."

Faudhia aliishia hapo. Mdomo ulibaki wazi kidogo. Kisha akajikalisha chini, si kwenye kigoda, chini kabisa, mgongo kwenye mabati, akaivuta kompyuta mapajani.

"Ursula, kaanguka?" Petronila aliuliza.

"Hajaanguka. Niacheni."

Ripoti yake yote, kurasa kumi na moja, ilisimama juu ya hati moja ya zamani. Ndani ya hati ile lilikuwepo neno msogeo, liko kwenye picha, picha ziko kwenye video. Alipoliona Jumapili alikaribia kupiga vigelegele kwa furaha ya kupumzika: kitu kilishabuniwa, kazi imekwisha, nikalale. Sasa aliisoma tena ile aya, kidole kikitembea kwenye kioo. Msogeo wa hati ile ulikuwa wa boga kuviringika, kutoka picha moja kwenda inayofuata. Msogeo wa mwombaji ulikuwa ule wa kidole, kutoka nyavu nyepesi mpaka kwenye ngozi. Neno moja, mambo mawili. Alilipita mara tatu akiwa na usingizi, na mara zote tatu aliona alichotaka kukiona.

"Nimemkosea mtu," alisema.

"Nani?" Ursula alichungulia kutoka juu.

"Mwenye nyavu. Nilikuta neno kwa mwingine, nikalikuta lile lile kwake, nikaandika kwamba kaiga."

"Neno lile lile?"

"Lile lile."

Ursula aliutazama mwiko wake muda mrefu, kama vile una maandishi.

"Basi na wewe umemchongea mtu," alisema. Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu aliyekuta mwenzake naye kakanyaga tope lile lile.

Faudhia alimrekodia Dorah ujumbe, na jibu lilirudi mbio, Dorah akihema kama yuko kwenye ngazi. "Weee Faudhia, usinitanie! Hiyo nimeshaipitia mimi. Itume kama ilivyo. Si ana haki ya kujibu? Akiona tumekosea atasema, tutarekebisha mwakani huko. Saa kumi na mbili ni leo, mwenzangu, siyo kesho."

Ilikuwa kweli. Mwombaji angejibu. Angelipa mawakili wake kuandika kile ambacho Ursula alikieleza bure kwa mwiko na boga, na miezi ingepita, na hakuna ambaye angejua kwamba kosa lilianzia Kitaji kwenye usingizi wa mtu mmoja. Ingetosha kubonyeza, akaoga, akalala mpaka kesho.

"Anasema nitume tu," Faudhia alisema, kwa nani hajui.

"Nimemsikia," Ursula alisema. "Na mimi asubuhi nimeshatuma. Bombani, kwa Petronila, kwa mwenye genge. Kufika saa nne habari ilikuwa imeshafika mpaka mtaa wa Bweri." Akakohoa. "Huyo wako wa baridi, unaweza kumfutia?"

"Inabidi nianze upya. Nimechoka, dada Ursula. Nimechoka mpaka meno."

Safari hii Ursula hakumkataza kumwita dada. Aliingia jikoni. Baada ya muda kikombe cha uji wa ulezi kilitua juu ya nguzo ya uzio.

Faudhia alifuta. Kwanza ukurasa wa tatu, halafu wa nne, halafu yote. Alirudia kutafuta kwenye hati nyingine, akiandika kile alichokikuta na kile ambacho hakukikuta. Madai mengi ya yule mtu, yale anayotaka yawe yake peke yake, yalisimama. Moja tu, la nane, lilikuwa pana kupita kiasi, linataka kumiliki hata boga. Hilo alilikataa, na safari hii aliandika kwa nini, mstari kwa mstari. Upande wa pili wa uzio watu walikuwa wanaongezeka, viatu vinavuliwa, mtu anasimulia namna moto wa nyavu unavyonuka, Masatu anaulizwa kitu na anajibu kwa neno moja moja.

Saa kumi na moja na nusu dirisha lilifunguka. "Umemfutia?"

"Bado."

Dakika ishirini na tano tena. "Umemfutia?"

"Nasoma mara ya mwisho."

Ursula hakufunga dirisha. Aliegemea hapo, akashusha sauti ili waliomo ndani wasisikie. "Za Masatu zilikuwa ndogo kweli, unajua. Macho yake. Nilimwambiaga sheria haziruhusu. Ana watoto, akasema mara hii tu." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Hakuna aliyemchongea. Watu wa doria vipimo vya macho wanavyo wenyewe. Lakini mtu unataka kuwe na mtu."

Faudhia aliangalia saa. Ilikuwa imebaki dakika nne. Akabonyeza, akasubiri duara lizunguke, lizunguke, mtandao ukasita kama kawaida yake, kisha ukakubali. Alifunga kompyuta, akaegemeza kichwa kwenye bati lililokuwa bado na joto la mchana.

"Nimemfutia," alisema.

"Kweli?"

"Kweli. Limebaki dai moja, nalo ni kosa lake."

Ndani kwa Ursula sauti zilikuwa zimejaa nyumba. Petronila alikuwa anaanza upya ile hadithi kwa mgeni aliyechelewa, na alikuwa ameshafika kwenye "alie asilie". Ursula hakumsubiri amalize. Alitoka mpaka mlango wake wa mbele, ule unaotazama njia na bomba, ambako wanawake walikuwa wamepanga ndoo za jioni. Akajaza kifua hewa.

"Mama Hamduni!" aliita, sauti ikapita nyumba tatu. Ndoo zikasimama. Ndani, Petronila akanyamaza katikati ya neno. "Mama Hamduni, we mama Hamduni! Pitia huku mbele, watu wakuone! Petronila, msogelee Masatu, mwachie mwenzio nafasi. Ugali unapoa na maji ya kunawa yako mlangoni. Ingia tule!"