Mlango Uliojua Pacha Yupi

Pacha wale wa kike walifanana kama shilingi kwa ya pili. Walipokuwa wachanga, mama yao mzazi alimfunga mmoja uzi mkononi, asije akamnyonyesha yule yule mara mbili na mwenzake akalala na njaa. Aliyetangulia kutoka aliitwa Mkubwa, aliyemfuata Mdogo, na tangu utotoni watu hawakuacha kuwauliza, "Kwani wewe ni yupi?"

Mkubwa alikuwa mtunza dawa hospitalini, mwenye dhamana ya chumba baridi cha chanjo. Mlango wa chumba hicho ulikuwa ukifunguka kwa kutambua sura. Siku moja Mdogo, fundi cherehani asiyeishiwa vituko, alimletea dada yake chakula, akausogezea mlango uso kwa mzaha, nao ukafunguka. Wakubwa wa hospitali hawakucheka. Wakaagiza kufuli jipya linalosoma mawimbi ya ubongo, na fundi aliyelifunga akaomba Mdogo huyo huyo aitwe aje kulijaribu.

Alikuja amevaa gauni kama la dada yake na kusuka kama yeye.

"Leo fundi atairudisha mashine yake alikoitoa," akatamba.

Fundi alimvisha Mkubwa mkanda wenye vitufe vya chuma vilivyobana kichwa. Mashine ilikuwa imekwisha kumsoma siku zilizopita, ikayahifadhi mawimbi yake. Kwenye kioo cha mashine zikapita picha: jani, kiti, sura za watu baki, kisha mama yao. Mkubwa hakutamka neno wala kugusa kitu. Mlango ukafunguka.

Ikawa zamu ya Mdogo. Picha zile zile. Taa nyekundu.

"Ngoja," akasema, akivuta pumzi. "Sasa nitawaza kama dada. Huyu namjua nje ndani. Akianza neno, mimi namalizia."

Akakunja uso, akajitia wasiwasi wote wa mtunza chanjo. Nyekundu tena.

"Akili ni nywele, dada zangu," fundi akasema. "Kila mtu ana zake."

"Zetu zilisukwa pamoja," Mdogo akajibu, lakini sauti ilikuwa imempungua.

Fundi akawasogezea kompyuta, wakaona mistari miwili, mmoja juu ya mwingine. Kwenye jani na kiti ilikaribiana. Ilipofika picha ya mama, mmoja uliruka ghafla kisha ukaanguka. Wa pili ulipanda taratibu, ukakaa huko juu kama usiotaka kushuka.

"Huu wa taratibu ni wa nani?" Mkubwa akauliza.

"Wa mdogo wako."

"Huyu ni mimi?" Mdogo alikigusa kioo kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa shavu la mtoto aliyelala. "Mimi peke yangu?"

"Wewe peke yako. Hakuna mwingine."

Mkubwa aliutazama ule mstari. Tumbo moja, ziwa moja, kitanda kimoja mpaka walipoolewa. Na siku zote hizo, ndani ya kichwa kile kinachofanana na chake, aliishi mtu mwingine kabisa. Akajikuta anamwonea haya kidogo, kama mgeni.

"Ulipomwona mama pale, uliwaza nini?"

"Mikono yake. Ile harufu ya sabuni, akitukausha. Na wewe?"

"Siku ile alipozimia jikoni. Kila nikiiona sura yake, hiyo ndiyo hutangulia."

Mdogo alishtuka. "Alizimia? Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umelala. Alizinduka, akajifuta uso, akaendelea kupika. Sikukuambia. Nilidhani nikijua mimi, na wewe unajua."

Fundi akakusanya nyaya zake kimyakimya, akawapisha. Pacha wakaketi kwenye benchi la koridoni, mabega yamegusana, na Mdogo akamgeukia dada yake.

"Nisimulie," akasema. "Tangu mwanzo. Na usiruke kitu ukidhani nakijua."