Sauti Nzito ya Liziba

Hakuna msanii aliyepona kinywa cha Casimir. Kila alasiri aliketi mbele ya cherehani ya fundi Norbert, mjini Baraka kando ya ziwa, akapandisha mguu mmoja juu ya mwingine na kuanza kugawa hukumu. Mwimbaji huyu ni kelele tupu. Yule ni mwizi wa nyimbo za wenzake. Kulikuwa na riwaya moja aliyoisifu mwaka mzima, eti mwandishi wake alikuwa na ujasiri wa kuiacha hadithi njiani. Kurasa za mwisho askari wa kizuizini walikuwa wamezisokotea tumbaku, lakini nani angemwambia hivyo mtu aliyesoma miaka miwili Bukavu?

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya pili. Barabara ya Uvira ilikuwa imefungwa, betri zilikuwa adimu kuliko chumvi, na redio-kaseti ya Norbert ilikuwa ikitumia zilezile tangu Pasaka. Aliyezitunza ni Émilienne, binti wa kaka yake, aliyeacha shule darasa la nne na ambaye mbele ya wanaume maneno yalimwishia kooni. Kila asubuhi alizianika juu ya bati kama ndagala, dagaa wa ziwani. Zikipata joto, kaseti ilizunguka. Ilizunguka kama mzee anayepanda mlima na mzigo wa kuni, lakini ilizunguka.

Kaseti yenyewe ilikuwa mpya, ya Liziba, kijana wa Kinshasa, na ilikuwa imevuka ziwa kutoka Kigoma. Siku ya kwanza ilipowekwa, sauti ilitoka nzito, ya kujivuta, kama fahali aliyekwama matopeni.

"Munasikia?" Casimir alifumba macho. "Liziba amekomaa. Zamani alikuwa analia kama kuku ya mayai. Sasa anaimba uchungu ya taifa."

"Mi naona kama anasinzia," alisema Jacques, mvuvi.

"We Jacques, kazi yako ni samaki. Samaki haiimbe."

Benchi zima lilicheka, na Jacques naye akacheka ili asibaki peke yake. Wiki iliyofuata betri zilizidi kuchoka, na Casimir alizidi kuguswa. Wiki ya tatu neno moja la mapenzi lilichukua muda wa kumenya muhogo mzima, naye akatoa leso akapangusa macho.

Émilienne alijua tangu siku ya kwanza. Alinyamaza, kwa sababu mpaka hapo ujinga wa Casimir ulikuwa haujamgharimu kitu.

Shida ni kwamba Casimir huyohuyo ndiye aliyekuwa maestro wa kwaya ya parokia. Kwaya ilialikwa kuimba misa ya shukrani Fizi, na wenye silaha walikubali waimbaji kumi na wanane wapite vizuizini, si mmoja zaidi. Mama yake Émilienne, Marie, alikuwa huko Fizi. Risasi zilipoanza, mama alikimbilia milimani na bibi mgongoni, binti akakimbilia ziwani, na hawakuwa wameonana tangu mvua za mwaka uliopita. Naye aliimba sauti ya juu katika kwaya hiyohiyo; bila jina kwenye orodha, asingepita.

Jumapili, baada ya mazoezi, Casimir alitangaza mtindo mpya.

"Kuanzia leo tunaimba kama Liziba. Chini, polepole, muzito. Sauti ya juu ni mambo ya batoto." Alitoa orodha mfukoni, akapiga mstari juu ya jina moja. "Émilienne, mutoto wangu, sauti yako ni filimbi. Tutakuita siku ya Noeli."

"Ndiyo, maestro," alisema Émilienne.

Jioni ile alichukua beseni la ndagala alizokuwa amekausha kwa ajili ya mama yake, akalipeleka kwa mchuuzi aliyeshuka na pikipiki kutoka Misisi, mtu wa kuwauzia wachimba dhahabu betri za tochi. Akarudi na betri nne zinazong'aa.

Kesho yake benchi lilijaa, na safari hii Casimir alikuwa amemleta padri Albert.

"Sikia mwenyewe, padri. Fizi nzima itabubujika machozi." Akabonyeza.

Liziba alitoka mbio. Sauti nyembamba, kali, ya juu kabisa, kama msichana aliyemwagiwa maji baridi, na magitaa yakimfukuza nyuma. Maneno sasa yalisikika yote. Uchungu wa taifa ulihusu jozi ya viatu vipya na jinsi wasichana walivyovitazama.

Jacques aliinama, akafungua kifuniko cha nyuma, akachungulia.

"Maestro, uchungu ya taifa ilikuwa humu. Émilienne ameitoa."

Norbert alilaza kichwa juu ya cherehani, mabega yakimtetemeka. Padri alijitia kukohoa. Casimir alimgeukia Émilienne mlangoni, na Émilienne aliiona orodha ikichungulia kwenye mfuko wa shati lake. Akicheka tu, safari ya Fizi imekwisha. Akauma shavu kwa ndani.

"Maestro alishatuambia," alisema, na sauti yake ilikuwa ngeni hata kwake mwenyewe. "Liziba ako na sauti mbili. Ya chini ni ya kutubu. Ya juu ni ya kushukuru."

Padri aliacha kukohoa. "Na sisi tunaenda Fizi kushukuru."

"Ndiyo maana yake!" Casimir alisimama. "Mi nilisema hivyo, lakini bantu ba hapa banasahau mbio. Hii sauti ya mutoto, mi ndiye niliigundua."

Akachomoa kalamu, akaandika jina la Émilienne upya. Na kwa kuwa kumi na wanane ni kumi na wanane, akamfuta Wilfried, mwenye sauti nene kuliko wote, ambaye hakuwepo kujitetea.

"Aksanti, maestro," alisema Émilienne.

Alimhurumia Wilfried kwa dhati mpaka alipofika jikoni. Kisha akateka maji, akaanza kufua gauni la safari.