Mjomba wa Kampala Aja Kumzika Munganga

Mjomba Honoré alishuka garini na kostimu nyeusi, miwani nyeusi, na kitambaa cha kufutia machozi ambayo hayakuwa yametoka bado. Fiacre alimwangalia toka kwenye kiti chake cha plastiki, akamnong'oneza binamu yake Gracieuse: "Ona. Risasi zimenyamaza, naye amefika."

Aliyelala ndani ya jeneza, pale sebuleni, mtaani Ngezi, ni Scholastique, mama yake Gracieuse na dada yake huyo mwenye kostimu. Alikuwa muuguzi, mtaa mzima ulimwita Munganga. Mabomu ya mwezi wa tano 2003 yalishindwa kumuua, malaria ikammaliza mwezi wa saba.

Honoré hakutaka hata kiti. "Tutamzika hapa hapa ndani ya parcelle, kando ya nyumba," akatangaza. "Saruji, vigae, msalaba wa chuma. Wakubwa watapita, wataona. Dada yangu alikuwa mwanamke wa nyumba, mwenye kupenda utulivu wa sebule."

Gracieuse akainua uso. "Mama aliomba kilimani. Kwenye shamba lake."

"Katikati ya mihogo? Kama mbuzi?"

Mwanamke wa nyumba! Fiacre alipaliwa na mate. Munganga ambaye aliwachoma watu sindano uani, kwa sababu chumba cha matibabu, alisema, kinanuka soksi ya padri! Munganga ambaye kila Jumapili baada ya misa alikusanya watoto wake na wa dada zake, akawapandisha kilimani na termosi ya chai na viazi vitamu, na aliyelalamikia miguu ndiye aliyebebeshwa termosi! Kule Tchomia alijitupa ziwani na kitenge kifuani, mbele ya mke wa mchungaji, akatoka anacheka kama msichana. Utulivu wa sebule! Ungemwuliza sebule yake ina rangi gani, angekwenda kwanza kuangalia.

Sasa, katika ukoo wao jeneza halivuki mlango mpaka wapwa waachilie. Mpwa anaziba njia, anamtania mjomba atakavyo, na mjomba haruhusiwi kukasirika. Kwa kawaida anatoa jogoo au chupa, watu wanacheka, safari inaendelea. Fiacre alingoja wanaume waliinue jeneza, ndipo akajilaza kizingitini, chali, mikono chini ya kichwa.

"Mjomba, hapa hapapitiki."

"Unataka nini? Bia?"

"Bia kunywa mwenyewe, weye uko na njia ndefu ya kurudia. Miye niko na swali moja tu. Ukijibu vizuri, umuzike hata chini ya kitanda yako. Ukishindwa, tunapanda kilimani."

Honoré akawatabasamia watu. "Uliza, mutoto."

"Mwezi wa tano, wakati weye ulikuwa Kampala unachunga kostimu isipate vumbi, na siye tunakimbia mabomu, Koko alifika Marabo namna gani?"

Koko, mama yao Honoré na marehemu, alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha. Honoré hakumtupia hata jicho.

"Kwa lori. Nilipanga mimi mwenyewe, kwa telefone."

 Mkekani kukatoka kicheko kikavu.

"Lori?" Koko akasema. "Ee mwanangu, lori muzuri sana. Ilikuwa inaimba kantiko za kanisa. Ilikuwa inatoka jasho kwa shingo. Tukifika kwa mulima inaniambia, 'Mama, shika vizuri, usinivute masikio.' Nikaikojolea kwa mugongo, haikusema kitu. Lori yako ndiyo hii iko ndani ya sanduku."

Matanga yote yakalipuka, vicheko na vilio pamoja. Fiacre akasimama, akajipangusa suruali, akanyoosha mkono kama polisi wa barabarani.

"Lori ipite!"

Wakapanda. Honoré alifika kileleni wa mwisho, viatu vyake vinavyong'aa vimevaa matope mpaka kwenye kamba, na jeneza lilikuwa tayari limeshushwa ndani ya kaburi ambalo vijana walilichimba tangu asubuhi. Hata hivyo akatoa karatasi mfukoni, akakohoa kama mheshimiwa: "Ndugu waombolezaji, katika saa hii ya majonzi..."

Gracieuse akamnyang'anya karatasi, akamwekea beleshi mkononi.

"Mujomba, hapa hatusomi. Hapa tunafukia."

Watu walimtazama. Akavua miwani, akachota udongo. Beleshi lake la kwanza lote likaangukia nje ya kaburi.