Banda la Ng'ombe, Gaastwoude

Jumanne, tarehe 14 Novemba 2017. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mifereji tangu alfajiri, na manyunyu yalikuwa membamba kiasi kwamba Wytske Terpstra hakujua amelowa mpaka alipofika chuoni na baiskeli yake. Aliifunga, akainamisha kichwa palepale, akaomba: "Bwana, leo usinipe upole. Upole ninao wa kutosha."

Alikuwa mhadhiri wa jiografia, mwenye miaka hamsini na miwili. Miaka kumi na tisa aligawa barua mchana na kusoma jioni. Sasa mkataba wake ulikuwa unaisha Desemba, na ili uongezwe alihitaji makala moja katika jarida kubwa. Makala alikuwa nayo. Kilichobaki kabla ya kuituma ni saini ya mkuu wa idara.

Saa nne, idara nzima ilikaa kwenye kahawa, kila mtu na biskuti yake moja. Profesa Reinout van Aerssen, mkuu wa idara, aliinua ukurasa wa kwanza.

"Wytske, hii nini? Waandishi: Wytske Terpstra na Hylke Bangma. Taasisi: chuo chetu, na... Banda la Ng'ombe, Gaastwoude?"

"Fomu ya jarida ilikataa kuendelea bila taasisi. Hylke hana nyingine."

Kicheko kikazuka. "Ng'ombe nao wana mkuu wa idara?" akauliza Joris, mhadhiri kijana wa ramani.

"Wanaye. Na huyo hutoka nje hata mvua ikinyesha," Wytske akajibu.

Hylke mwenyewe, mfugaji wa kijiji cha Gaastwoude, alikuwa ameketi karibu na dirisha, kofia gotini; Wytske ndiye aliyemwalika. Shambani kwake palikuwa na nondo ya chuma iliyopigiliwa kupita udongo mweusi wa kinamasi hadi kwenye mchanga ulio chini. Udongo ukididimia, nondo huchomoza zaidi. Kila Jumamosi, kwa miaka thelathini na mmoja, Hylke aliipima na kuandika kwenye daftari la shule. Makala nzima ilisimama juu ya madaftari hayo.

"Mshukuru mwishoni, kama tunavyowashukuru madereva," Reinout akasema. "Na miaka hii mitatu, tisini na nne hadi tisini na sita, nimeifuta. Namba haisogei. Ni wazi alikuwa hapimi, ananakili tu ya wiki iliyopita."

Wytske alisikia masikio yake yakiwaka moto. Miaka ile naye hakuielewa. Alipoandika aliiacha ilivyo, akaona haya kuuliza.

"Naruhusiwa kusema, au ninyooshe kidole?" Hylke akauliza.

"Sema, bwana Bangma."

"Mke wangu alipenda ndege wanaotaga majanini, na ndege hao wanataka maji. Basi mwaka tisini na nne nikaufunga mlango wa mfereji. Maji yakajaa hadi ukingoni, ng'ombe wakawa wanazama hadi magotini, majirani wakanicheka mpaka kanisani. Lakini ardhi ikatulia. Mke wangu alipofariki nikaufungua, ikaanza kushuka tena. Nilipima kila Jumamosi, Profesa. Hata ile ya mazishi."

Kila mmoja pale alielewa alichokisikia: ukiyainua maji, ardhi haididimii, na ushahidi wake ndio huo uliofutwa.

"Hiyo inabadilisha makala," Reinout akasema polepole.

"Inaikamilisha," Wytske akajibu.

"Sawa. Tunairudisha miaka hiyo. Jina langu linatangulia ili jarida lituheshimu, lako la pili, na bwana Bangma tunampa shukrani ndefu. Nasaini leo hii. Ukikataa, Wytske, Desemba haiko mbali."

"Kubali, binti," Hylke akamnong'oneza. "Jina langu limeandikwa langoni kwangu, linanitosha. Usipoteze kazi kwa ajili yangu."

"Mimi halinitoshi."

Wytske akasimama. Akauchukua ule ukurasa mkononi mwa Reinout, akawatazama wenzake wanane mmoja mmoja, hata Joris.

"Ninyi nyote ni mashahidi. Naahidi mbele yenu na mbele za Mungu: makala hii itatoka, na jina la kwanza litakuwa Hylke Bangma, wa Banda la Ng'ombe, Gaastwoude. La pili litakuwa langu, niwe na kazi nisiwe nayo. La tatu halipo."