Kifaa cha Kushusha Gari

Landkruza wanazo madereva wote wa watalii mjini Uyuni, na jangwa la chumvi ni lile lile kwa kila mgeni. Kilichowafanya wageni wamuulizie Lizeth Ayaviri kwa jina ni supu ya mpishi wake, doña Eusebia, aliyejua kupika juu kule milimani ambako maji huchemka kabla hayajapata moto wa maana. Lizeth aliendesha, Eusebia alipika, miaka kumi na miwili.

Jumamosi Eusebia alikwama mlangoni mwa gari. Gari lilikuwa juu, goti lilikuwa bovu, na pollera yake, ile sketi pana ya marinda, ilikuwa na sketi tano za ndani. Mgeni mmoja kutoka Uholanzi, kwa nia njema kabisa, akamsukuma makalioni kwa mikono miwili. Mwenzake akapiga picha. Eusebia akaketi, akapanga sketi zake, akanyamaza siku mbili. Wakiwa katikati ya jangwa la chumvi, supu ikatoka haina chumvi.

Jumatatu asubuhi akazungumza.

"Don Rufino ana kibasi cha chini. Ameniomba tena niende kupika kwake. Nitamjibu Alhamisi."

"Nitaweka kidato cha kukanyagia, mamita."

"Cha mwaka jana kiko wapi?"

Cha mwaka jana kilibaki kwenye mawe ya Laguna Colorada, pamoja na kipande cha bomba la moshi.

"Basi tubebe kreti."

"Kreti ni ya bia. Mimi si kuku."

Lizeth hakubembeleza. Alilea watoto watatu na alijua kutofautisha mtu anayenuna na mtu aliyekwisha kuamua. Gari lilikuwa na mifuko ya hewa badala ya springi, aliyoifunga mwaka uliopita na kuijaza kwa pampu ya tairi. Kilichokosekana ni kifaa cha kuiamuru ipande na kushuka. Akalipeleka kwa don Wálter Yucra, muuza vipuri, na Eusebia akamfuata kwa miguu, chupa ya spiriti ndani ya aguayo, kitambaa chake cha kubebea mizigo mgongoni. Alikataa kupanda.

Wálter akaweka maboksi matatu juu ya meza.

"Hiki hapa, caserita, kinakupandisha sentimita kumi na mbili. Maji ya mvua yatapita chini kama hayakujui."

"Kinashuka kiasi gani?"

"Kushuka?" Wálter akageuza boksi, akalisoma pande zote. "Watu hununua kupanda."

"Mimi nanunua kushuka."

"Doña Lizeth, nimeuza vitu hivi miaka sita. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo."

"Ndiyo maana hujui. Chomeka tupime."

Cha kwanza kiliamrishwa kwa simu. Kilishuka vizuri, hadi chini kabisa. Lizeth akampa Eusebia simu. Eusebia akaitazama, kisha akatazama vidole vyake, ambavyo tangu alfajiri vilikuwa kwenye unga.

"Nikiwa nakanda, simu niishike kwa kitu gani? Kwa meno?"

"Atakushushia dereva," Wálter akasema.

"Dereva akiwa juu ya paa anafunga mizigo, mimi nisimame nje kama ombaomba?"

Kikarudi kwenye boksi.

Cha pili kilikuwa fahari ya duka. Kina akili, Wálter alisema. Kina sensa kila gurudumu, kinapima uzito na kusawazisha chenyewe. Kukifunga kulichukua hadi Jumanne jioni. Lizeth akachungulia chini, akaona vile vijiti vya sensa vyembamba kama sindano za kufumia, akajua chumvi itavila kabla ya Pasaka. Akasogea kando. Alitaka kwanza kuona.

Gari likashuka. Eusebia akaweka mguu mzima juu, akashika mpini, akajivuta. Kifaa kikahisi uzito. Kikafanya kilichonunuliwa kufanya: kikainua gari.

Eusebia akabaki katikati, mguu mmoja ndani, mwingine ukipapasa hewa.

"Linaenda wapi hili?"

"Linasawazisha, doña."

"Mwambie asawazishe mamaye. Nishusheni."

Walimshusha wawili, kwa adabu, wakimshika viwiko tu. Wálter akajifuta jasho, ingawa Uyuni hakuna joto.

Jumatano kikafungwa cha tatu, ambacho Wálter hakukisifu hata kidogo. Vitufe viwili vya chuma, kimoja cha juu, kimoja cha chini, geji yenye mshale kama ya jiko la gesi, na kompresa ya kusukuma hewa.

"Hiki ni cha malori ya mgodini," akasema. "Hakina akili yoyote."

"Afadhali," Eusebia akasema, akatoa chupa. "Sasa tukichalle, tukinyweshe baraka. Siketi kwenye gari lenye kitu ambacho hakijanyweshwa."

"Mwagia tairi, doña Eusebia. Kule chini. Usimwage kwenye..."

Alikuwa amekwisha kumwaga. Kidogo ardhini kwa Pachamama, mama wa ardhi, kidogo kwenye gurudumu, na kilichobaki, ambacho hakikuwa kidogo, juu ya kifaa chenyewe. Akakirushia karatasi za rangi. Spiriti ikapita kwenye vitufe, ikatiririka chini ya geji. Wálter akatazama maboksi mawili mezani kama mzazi aliyewaokoa wanawe barabarani.

Eusebia akabonyeza cha chini. Gari likatoa pumzi, likapiga magoti. Akaweka mguu mmoja, akaweka wa pili, akakaa. Akapanga sketi.

"Hiki," akasema. "Lakini kifungwe upande wangu."

"Kitufe hukaa kwa dereva," Wálter akasema.

"Dereva ana usukani," Lizeth akasema. "Unamtosha. Hamishia kule."

Alhamisi gari lilisimama sokoni wakipakia viazi. Don Rufino akaja kwenye dirisha la Eusebia, kofia kichwani, harufu ya sabuni. Lizeth alikuwa nyuma anahesabu mitungi ya gesi. Akaacha kuhesabu.

"Doña Eusebia, nimekuja kuchukua jibu langu. Kibasi changu, unajua mwenyewe, mtu anaingia kama anaingia sebuleni, hana haja ya..."

Eusebia alimtazama usoni, bila chuki, akabonyeza cha juu. Kompresa ikaanza kunguruma. Gari likapanda polepole, kwa kuwa juu kule hata hewa ya kujaza ni haba, na Rufino, mtu muungwana, aliendelea kuongea. Alianza wakitazamana macho kwa macho. Alimaliza ameinua kidevu, mkono mmoja kichwani kofia isidondoke.

"Unasemaje, doña?"

"Ongeza sauti," Eusebia akasema. "Huku juu sisikii."

Lizeth akarudia kuhesabu mitungi. Ilikuwa minne. Ijumaa supu ilikuwa na chumvi.